Kabla ya Tsavo, Mti wa Nyuma ya Nyumba

Mtu akitaja utalii pale Tawa, Makueni, mawazo ya wengi hukimbilia Tsavo: gari la kukodi, kiingilio cha mbuga, tembo waliojipaka udongo mwekundu. Ni safari nzuri kwa anayeimudu. Lakini ikifanywa kuwa njia pekee ya kukutana na maumbile, basi wengi wa Makueni na Kitui watakutana nayo mara moja maishani au wasikutane nayo kamwe, na hali wamezaliwa katikati yake. Punda anayeteremka mtoni alfajiri na mitungi ya maji hupita kando ya ndege wa kila rangi kabla jua halijachomoza. Anayemswaga punda huyo mara nyingi hawaoni, kwa kuwa mawazo yake yako kwenye foleni ya kisimani.

Si kosa lake. Katika Ukambani mazingira ni kazi kwanza. Mama anayelima shamba lenye mawe chini ya vilima vya Mbooni hana haja ya kuambiwa atoke nje apate hewa safi. Nje ndiko anakoshinda. Anachokosa ni muda wa kutazama bila kudai chochote, dakika chache ambazo mti si kuni, mto si maji ya kuchota na ndege si adui wa mtama. Ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya jambo hilo moja. Haumtaki mtu aongeze safari. Unamtaka aongeze macho kwenye safari alizo nazo.

Kiasi gani kinatosha? Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Mathew White wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha matokeo ya uchunguzi wa karibu watu 20,000 nchini Uingereza. Waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika bustani za umma, msituni au ufukweni walielekea zaidi kusema kwamba afya yao ni njema na wameridhika na maisha, kuliko wale ambao hawakwenda kabisa. Haikujalisha kama saa hizo mbili zilitumika kwa mkupuo mmoja au ziligawanywa vipande vipande. Uingereza si Makueni, na uchunguzi wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba miti ndiyo iliyoleta afya. Huenda wenye afya ndio wanaotembea zaidi. Hata hivyo unampa mtu mahali pa kuanzia: kama robo saa na ushei kwa siku. Mwalimu anayekwenda shuleni kwa miguu tayari anayo robo saa hiyo. Kazi yake ni kuitoa simu mkononi na kuirudisha mfukoni.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuchagua mti mmoja na kuufuata mwaka mzima. Si lazima uwe mti wa ajabu wa mbali. Ule ambao mtu hupita chini yake kila siku unafaa zaidi, maana hautahitaji kukumbukwa. Mkwaju ni chaguo zuri kwa anayeanza. Wakamba wanauita kithumula, na watoto wanaujua kwa uchachu wa matunda yake, lakini ni wachache waliowahi kusimama chini yake magharibi wakatazama kinachotokea. Jani la mkwaju limepangwa kwa vijani vidogo vilivyokaa jozi jozi pande mbili za kikonyo. Giza linapoanza kuingia, vijani hivyo hujikunja, kila kimoja kikimfuata mwenziwe wa upande wa pili, mpaka jani zima linaonekana kama limefungwa. Asubuhi hufunguka tena. Hakuna kiingilio, hakuna darubini, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuliona jambo hilo kwa macho yake kabla hajaitwa kula.

Anayeishi sehemu kavu zaidi achague mukau. Huu ni mti wa nyumbani hasa: mbao zake ni ngumu, hustahimili mchwa, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya imeufanyia kazi kwa miaka mingi katika kituo chake cha Kitui. Mgeni akifika Septemba huona vilima vimekauka rangi ya majivu, akadhani kila kitu kimelala. Mukau haulali. Hutoa majani mabichi wakati wa kiangazi, mvua ikiwa bado, na wafugaji wanajua hivyo kwa sababu mbuzi huyapenda majani hayo pale malisho mengine yanapokwisha. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha kuandika mambo ya mti mmoja: tarehe ya jani la kwanza, ya ua la kwanza, ya ndege aliyejenga, ya mvua ya kwanza. Katika sehemu hizi mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo zinazotegemewa kuliko za masika, na familia yenye daftari la miaka mitano ina kumbukumbu ya majira ya kijiji chake ambayo haipatikani redioni.

Ndege wanahitaji jambo moja tu, nalo ni kuamka mapema. Saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi ndio muda wao. Baada ya hapo jua huwafukuza kivulini. Anayeanza asijaribu kujua majina yote. Awajue watano wa karibu, kwa sauti na kwa tabia, kisha wengine watakuja wenyewe. Kwarara husikika kabla hajaonekana. Kwezi wa rangi ya samawati na tumbo la kahawia hutembea uani kama mwenye nyumba. Mnana ni wa kutazamwa kwa kituo wakati wa mvua: dume hufuma kiota kwa vipande vya nyasi akianza na kitanzi kimoja, akimaliza hujining'iniza chini yake akipiga mabawa ili jike aje kukagua. Jike asiporidhika, kiota hicho hubomolewa na kazi huanza upya.

Hondohondo anastahili aya yake. Aina kadhaa za ndege huyu mwenye mdomo mkubwa huishi kwenye vichaka vya Kitui na Makueni. Jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, kisha mlango huzibwa kwa udongo na kinyesi hadi ubaki ufa mwembamba. Humo ndani hutaga na kuatamia, na dume humlisha kupitia ufa ule kwa wiki nyingi. Kwa hiyo anayemwona hondohondo dume akirudi tena na tena kwenye shina lilelile, na panzi mdomoni, amepata mchezo wa kutazama msimu mzima, mradi akae mbali na asiguse. Mwaka 1983 mtafiti Anne Rasa alieleza jambo jingine aliloliona katika nyika ya Taru: hondohondo hungojea kwenye vichuguu mpaka nguchiro wadogo watoke usingizini, wakaenda kuwinda pamoja. Ndege hula wadudu wanaokurupushwa na nguchiro, na nguchiro hufaidi macho ya ndege wanaopiga kelele mwewe akitokea. Kichuguu chenye matundu mengi ukingoni mwa shamba, kwa hiyo, si cha kubomolewa haraka haraka.

Mwenye simu janja anaweza kupakua Merlin, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Cornell. Humwuliza maswali machache kuhusu ukubwa wa ndege, rangi na mahali alipo, kisha humpa orodha fupi yenye picha. Ikishapakuliwa pamoja na orodha ya ndege wa eneo, hufanya kazi bila intaneti, jambo la maana pale mtandao unapokatika nyuma ya kilima.

Mto nao ni uwanja mkubwa kuliko vyote, hata ukiwa mkavu. Mito mingi ya hapa ni ya mchanga: hutiririka kwa siku chache za mvua, kisha maji huzama na kuhifadhiwa chini. Watu wa Ukambani wameifanya hali hiyo kuwa ufundi. Ukuta wa saruji na mawe hujengwa kukatiza mto juu ya mwamba, mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na mchanga huo hushika maji yanayoweza kufikia karibu asilimia 40 ya ujazo wake, yakiwa yamefunikwa yasinyweke na jua wala kuzaa mbu. Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni walianza kazi ya namna hiyo huko Kola, Machakos, mwaka 1978. Upande wa Kitui, shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa ya mchanga tangu miaka ya 1990. Mtoto anayeelezwa hayo akiwa amesimama juu ya bwawa lenyewe, akachimba kwa mkono mpaka mchanga ugeuke unyevu, hujifunza somo la maji bila ubao.

Kando ya shimo la maji kuna mambo ya kutazamwa kwa karibu. Saa nne asubuhi, jua likiwa limepata nguvu, vipepeo hukusanyika kwenye mchanga uliolowa, makumi kwa makumi, mabawa yamefungwa, wakifyonza chumvichumvi zilizoyeyuka majini. Anayewasogelea kwa kuchuchumaa, polepole, bila kuwatupia kivuli chake, anaweza kuuona mrija wa mdomo ukichomekwa mchangani. Mapema zaidi, kabla punda hawajakanyaga, mchanga huwa na nyayo za usiku: kanga, nguchiro, na mburuzo wa mkia wa kenge katikati ya nyayo zake nne. Wazee waliowinda zamani husoma nyayo hizo haraka sana, na kumwomba umau, yaani babu, atembee na wajukuu mtoni asubuhi moja ni kumpa heshima anayoistahili.

Hapa inabidi kusema jambo bila kulainisha. Mto wa mchanga huua. Mvua inaweza kunyesha juu vilimani, huko chini mbingu zikiwa safi, na maji yakafika ghafla kama ukuta. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililokuwa likivuka mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi, lilisombwa na zaidi ya watu 30 wakafa. Msimu wa mvua watoto wasicheze mtoni bila mtu mzima, na mtu yeyote akisikia mngurumo upande wa juu, apande ukingo kwanza, aulize baadaye. Tahadhari ya pili ni ya nyoka. Kifutu hulala njiani na hakimbii anaposikia hatua, kwa hiyo viatu vilivyofunika mguu na tochi jioni si mapambo.

Matunda ya porini ndiyo mlango mtamu zaidi wa kuwaingizia watoto. Miezi ya baada ya mwaka mpya, matunda meusi ya muu huuzwa sokoni kwa vikombe na kuzipaka ndimi rangi ya wino. Kuyanunua ni vizuri. Kwenda kuuona mti wenyewe, kimuu, na kuyaokota chini yake ni vizuri zaidi. Mukawa, ambao watu wa pwani huuita mtandamboo, huzaa vitunda vyeusi vya zambarau ambavyo wachungaji wamevila tangu enzi za mababu. Ila mukawa unafanana mno na kivai, mti ambao Wakamba walipikia sumu ya mishale, na miti yote miwili hupenda vilima vyenye mawe. Tofauti iliyo rahisi kushika ni miiba: mukawa unayo, kivai hauna. Hata hivyo sheria ya nyumbani iwe moja: mtoto haonji tunda la porini mpaka amwonyeshe susu, yaani nyanya, au mtu mzima mwingine anayelijua.

Kwa asiye na muda wa kutembea, matatu nayo inafaa. Barabara inayotoka Kalawa, kule chini kuelekea mto Athi, ikapitia Tawa na kupanda hadi Kikima, ni ngazi ya hali ya hewa ambayo abiria huipanda akiwa amelala. Akibaki macho ataona migunga na vichaka vya nyika vikiachia nafasi maembe, mbaazi na mahindi ya matuta. Kisha hewa inapoa, na mashamba ya kahawa na parachichi yanaanza kujitokeza kwenye miteremko ya Mbooni. Watoto wanaweza kushindana: nani atakuwa wa kwanza kuona shamba la kahawa, nani ataona mgunga wa mwisho. Mapokeo ya Wakamba yanasema mababu walitokea pande za Kilimanjaro, wakapita Nzaui, wakatulia Mbooni ambako kulikuwa na mvua na usalama, na baadaye wengine wakavuka Athi kwenda Kitui. Anayepanda kilima hicho akijua hadithi hiyo huelewa sababu ya mababu kwa ngozi yake, pale baridi inapoingia dirishani.

Matuta yenyewe yanastahili kutembelewa siku ya pili baada ya mvua kubwa. Mnamo miaka ya 1930 wakaguzi wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba ardhi ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, ilikuwa inaelekea kufa kwa mmomonyoko. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipoichunguza upya na kuchapisha kitabu mwaka 1994, walikuta kwamba kati ya 1930 na 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano huku mmomonyoko ukipungua. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, wengi wao wanawake, kwa jembe na koleo, wakichimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu kwa mtindo unaojulikana duniani kwa jina la fanya juu. Kwa hiyo anayekwenda asubuhi kuona maji yalivyosimama nyuma ya tuta, na mahali yalipopenya, anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: anakagua shamba, na anaisoma kazi ya mikono ya nyanya zake. Mwethya ukiitwa tena, hata wa nyumba tano, kwa ajili ya kuziba tuta lililobomoka au kupanda nyasi ukingoni, watu hurudi nyumbani wamechoka na wamecheka. Kuungana na maumbile peke yako kuna utulivu wake, lakini hapa Ukambani desturi imekuwa ni kuungana nayo kwa kikundi, na hiyo ni mali isiyofaa kupotezwa.

Usiku usisahaulike. Mbali na taa za soko, mbingu za Tawa bado zina giza la kweli ambalo Nairobi imelipoteza. Desemba, kwenye saa tatu usiku, kilimia kiko juu angani, kishada kidogo cha nyota zilizosongamana. Wakulima wengi wa Afrika Mashariki wamekitumia kujua majira ya kulima. Mkeka mmoja, watoto, na taa zote zimezimwa kwa dakika 20 ili macho yazoee: hakuna kingine kinachohitajika. Usiku wa mvua ya kwanza una burudani yake pia, maana vyura waliojizika ardhini miezi yote hutoka usiku huohuo na kuimba kwenye kila dimbwi. Kulala mapema usiku kama huo ni hasara.

Kuna watu ambao hawawezi kutoka, nao wamesahauliwa katika ushauri mwingi wa aina hii. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha uchunguzi uliofanyika katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Alilinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo: nusu walilazwa penye dirisha lililotazama miti, nusu wakatazamana na ukuta wa matofali. Walioona miti walikaa hospitalini siku chache kuliko wenzao na wakahitaji dawa chache kali za maumivu. Ni kundi dogo, lakini somo lake halina gharama. Familia inayomwuguza mzee inaweza kukigeuza kitanda kielekee mlango ulio wazi na mwembe wa uani. Beseni la maji likiwekwa chini ya mwembe huo, na kusafishwa kila siku lisizalishe mbu, ndege watakuja kunywa mbele ya macho yake. Akiwa na nguvu za kukaa, apelekewe mbaazi azipukuchue kivulini badala ya ndani.

Watu wa Tawa walioko Nairobi nao hawana haja ya kungoja Krismasi. Shirika la Nature Kenya, ambalo chimbuko lake ni chama kilichoundwa mwaka 1909, lina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, na yamekuwapo tangu miaka ya 1970 kwa juhudi za Fleur Ng'weno. Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea usigawiwe wajenzi, leo una njia za kutembea kwa miguu.

Na wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, wengi wakiwa na nia njema ya kupanda mti, wajue kwamba anayefika tarehe 24 Desemba amechelewa. Mvua za vuli huwa zinaishia, na mche utakabiliana na Januari na Februari kavu ukiwa bado hauna mizizi. Afadhali pesa za miche zitumwe mapema Novemba kwa anayebaki nyumbani, ili miche iingie ardhini udongo ukiwa umelowa. Mwenye mche akifika Desemba, kazi yake iwe kuuzungushia miiba ili mbuzi wasiufikie, kuutandazia majani makavu shinani, na kukubaliana na mtoto mmoja wa boma hilo ni siku zipi za wiki ataumwagilia maji yaliyooshea vyombo.